Jinsi ya kuondoa doa la kinywaji kwenye zulia

KATIKA nyumba nyingi za Dunga, kijiji cha wavuvi kilicho ufuoni mwa Ziwa Victoria kusini mwa mji wa Kisumu, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Ataandaliwa chai ya maziwa, soda au maji ya matunda, na vyote hivyo hupitishwa juu ya zulia la sebuleni. Kikombe kikipinduka, mwenye nyumba hudhani kwamba zulia alilolinunua kwa jasho limekwisha kazi. Hata hivyo, mara nyingi si kinywaji kinacholiharibu zulia, bali ni pupa yetu ya kulisugua, kulimwagia maji ya moto au kulitia dawa kali.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Doa nalo ni vivyo hivyo: dakika chache za mwanzo ndizo zenye thamani kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa kesho yake.

Hatua za kwanza

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kwa mfano fulana kuukuu, ukiweke juu ya doa na kukigandamiza kwa kiganja. Kikilowa, geuza upande mkavu na uendelee. Usitumie leso ya rangi wala gazeti, kwa kuwa rangi na wino huweza kuhamia zuliani. Anzia ukingoni mwa doa ukielekea katikati ili lisitanuke. Ikiwa kilichomwagika ni uji, ukusanye kwanza kwa kijiko.

Usisugue. Kusugua hukizamisha kinywaji hadi kwenye mashina ya nyuzi na kuzichakaza, na hata doa likitoka, mahali hapo hubaki na alama.

Baada ya hapo nyunyiza maji baridi kidogo, kisha ugandamize tena kwa kitambaa kikavu. Rudia mara kadhaa. Maji yasiwe mengi, kwa sababu yakipenya hadi chini huchelewa kukauka.

Kila kinywaji na tabia yake

Chai ina tanini, kemikali ya mimea inayoshika nyuzi kama rangi. Ikiwa ina maziwa, kuna pia protini na mafuta. Protini hiyo huganda ikikutana na maji ya moto, jinsi yai linavyoganda kwenye sufuria, na ndiyo sababu maji ya kuanzia yawe baridi. Mabaki ya maziwa yakiachwa, huanza kunuka baada ya siku chache.

Soda na maji ya matunda huacha sukari. Doa laweza kuonekana limetoka, lakini sukari iliyosalia hunata, hukusanya vumbi na baadaye hugeuka rangi ya kahawia. Kwa hiyo suuza vizuri zaidi.

Sabuni na siki

Changanya robo ya kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kochi, uone iwapo rangi ya zulia itatoka. Kisha chovya kitambaa, gandamiza juu ya doa, uache kwa dakika tano, na umalizie kwa maji safi. Sabuni ya mche isitumike kwa doa la chai, kwa kuwa huweza kuifanya tanini ishike zaidi.

Rangi ya chai ikisalia, tumia siki nyeupe: sehemu moja ya siki kwa sehemu mbili za maji. Gandamiza, kisha suuza. Doa lililokauka hulainishwa kwanza kwa glisarini, ile inayouzwa madukani kama mafuta ya kujipaka, iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Iache kwa nusu saa kabla ya kurudia hatua za sabuni.

Tahadhari

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isitumike zuliani. Huondoa rangi ya zulia pamoja na doa, na huzila nyuzi za sufu. Hatari kubwa zaidi ni kuichanganya na siki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu. Katika chumba kidogo chenye watoto, kosa hilo laweza kugharimu maisha. Ikitokea umeichanganya, watoe watu wote nje mara moja na ufungue madirisha na milango.

Kukausha

Hewa ya ufuoni ina unyevu mwingi, hasa wakati wa mvua za masika, na zulia likikaa na maji kwa siku moja au mbili huanza kuota ukungu. Linyanyue ili sakafu nayo ikauke, fungua madirisha upepo wa ziwani uingie mchana, au litundike nje. Mkeka wa mafunjo, unaofumwa kwa mimea ya kinamasi cha Dunga, hauhitaji kuloweshwa kabisa: upanguse kwa kitambaa chenye unyevu na uuanike papo hapo.

Usilipeleke ziwani

Wapo wanaoona njia rahisi ni kulipeleka zulia ufuoni na kulifulia majini. Baadhi ya sabuni za unga huwa na fosfati, nayo ni chakula cha gugumaji, mmea uliolivamia ziwa hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambao kila unapotanda hufunga njia za mashua na kuzuia nyavu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji.

Zulia linalohitaji kufuliwa lote lifuliwe nchi kavu, na maji yake yamwagwe mchangani, mbali na kisima na mtaro unaoelekea ziwani. Ila ukiliwahi doa likiwa bichi, hutahitaji kulifua lote: kitambaa cheupe, maji baridi na subira vitatosha.