Fremu ya kunyanyulia vyuma

Fremu ya kunyanyulia vyuma (huitwa pia raki) ni kizimba cha nguzo nne za chuma zilizounganishwa juu na chini, ambacho mtu husimama au hulala ndani yake anapofanya mazoezi ya kunyanyua uzito. Nguzo zake zina safu za matundu. Katika matundu hayo hufungwa vikono viwili vya kupumzishia mtaimbo kabla na baada ya zoezi, pamoja na pau mbili za usalama ambazo huudaka mtaimbo mnyanyuaji anaposhindwa kuurudisha mahali pake.

Pau hizo mbili ndizo sababu ya fremu kuwepo. Katika mashindano, mnyanyuaji anayechuchumaa na uzito mabegani au kuusukuma akiwa amelala chali huwa na wasaidizi waliosimama tayari pembeni. Nyumbani mara nyingi yuko peke yake, na mtaimbo ukimshinda akiwa amelala kwenye benchi hushuka kifuani au, vibaya zaidi, kwenye koo. Watu wamekufa kwa namna hiyo, wengine kwa uzito waliokuwa wameuzoea. Stendi mbili za kawaida za kuegeshea mtaimbo hazizuii ajali ya aina hii, ila fremu iliyotengenezwa na kupangwa vizuri huizuia.

Historia fupi

Fremu za aina hii zilienea nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bob Hoffman, mwenye kampuni ya York Barbell ya Pennsylvania, alizitangaza pamoja na daktari John Ziegler kwa ajili ya mazoezi ya kusukuma mtaimbo uliozuiwa na pini usisogee. Kwa hiyo pini ambazo leo hudaka uzito hapo mwanzo zilitumika kuukwamisha. Mazoezi hayo yalipopungua umaarufu fremu ilibaki, na wanyanyuaji wakaona faida yake kwa mtu asiye na msaidizi.

Kununua au kuchomelea: mazingira ya Mombo

Katika Afrika ya Mashariki fremu za kiwandani hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Kwingineko fremu hutengenezwa na fundi wa kuchomelea, yule yule anayetengeneza mageti na grili za madirisha. Mombo ni mfano mzuri wa mahali ambapo njia zote mbili zinawezekana. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, uko kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, chini ya Milima ya Usambara, na ndipo inapochepuka barabara ya Soni na Lushoto. Mzigo kutoka Dar es Salaam au Tanga unaweza kushushwa hapo bila shida.

Tatizo huanza kwa anayeishi mlimani. Barabara ya kupanda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33 na kona nyingi kali, na mabomba ya chuma huuzwa kwa urefu wa karibu mita 6. Ni rahisi zaidi kuyakata vipande chini huko Mombo kuliko kuyapandisha mazima juu ya gari.

Fremu ya kiwandani ina matundu yaliyonyooka na boliti zake zote, lakini hulazimu kusoma maelezo ya uzito inaoweza kubeba na kuhakikisha kwamba pau za usalama zimo katika bei. Ya fundi hufuata vipimo vya mwenyewe. Kasoro yake ya kawaida ni kwamba fundi hutumia bomba alilozoea kwa grili, na bomba la grili halifai.

Unene wa bomba

Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 huuzwa likiwa na kuta za unene tofauti, na kwa nje yote hufanana. Kama ilivyo kwa mabati ya kuezekea, namba ya geji ikiwa kubwa chuma ni chembamba: geji 16 ni milimita 1.5 hivi, geji 14 ni kama 2, na geji 11 ni kama 3. Kwa nguzo za fremu milimita 2 ni kiwango cha chini kwa mwanzo, na 3 ndiyo inayofaa kwa mtu anayetarajia kuongeza uzito mwaka hadi mwaka.

Mizani humaliza ubishi dukani. Bomba la 50 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3 lina uzito wa takriban kilo 4.3 kwa mita, yaani kama kilo 26 kwa bomba zima la mita 6. Lenye ukuta wa milimita 1.5 halifiki kilo 14. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kutambulika hata kwa kuinua mwisho mmoja. Bomba la milimita 75 kwa 75 lenye ukuta wa 3 hufikia kilo 40 hivi. Ni imara zaidi, ila kwa jimu ya nyumbani mara nyingi hupita mahitaji.

Vipimo

Kipimo kinachokosewa mara nyingi ni upana. Mtaimbo wa kawaida wa mashindano ya wanaume una urefu wa mita 2.2, uzito wa kilo 20 na ncha za kipenyo cha milimita 50 zinazovalishwa sahani. Sehemu ya katikati, kati ya vizuizi vya sahani, ni mita 1.31. Fremu yenye nafasi ya mita 1.1 kwa ndani na nguzo za sentimita 5 ina mita 1.2 kwa nje, hivyo hubaki sentimita 5 na nusu kila upande kabla sahani hazijagusa nguzo. Fundi akiambiwa tu “mita moja na robo” na akaipima kwa ndani, nafasi hiyo hutoweka kabisa, na mnyanyuaji atakuwa akigonga nguzo kila anaporudisha mtaimbo. Kama mtaimbo ni wa kienyeji, kwa mfano ekseli kutoka kwa wauza chuma chakavu, upimwe kwanza ndipo fremu ikatwe.

Kina cha ndani cha sentimita 70 kinatosha watu wengi. Kina kikubwa humpa mtu nafasi ya kurudi nyuma, lakini pau za usalama huwa ndefu na hupinda kirahisi zaidi. Urefu wa mita 2.1 huingia katika vyumba vingi. Anayetaka kujivuta juu kwenye bomba la mbele, au kusukuma uzito juu ya kichwa, apime dari yake. Sahani kubwa ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo juu ya mikono iliyonyooshwa inahitajika nafasi ya zaidi ya sentimita 22. Huko Mombo, kwenye joto la bonde, suluhisho la wengi lingekuwa uani chini ya kivuli.

Mabomba matatu ya mita 6 yanatosha. Mawili ya kwanza kila moja hutoa nguzo mbili za mita 2.1 na mguu mmoja wa pembeni wa mita 1.2. La tatu hutoa vipande vitatu vya mita 1.1 vya kuunganisha nyuma na juu, na viwili vya sentimita 70 vya pembeni juu. Vipande vinavyobaki hutumika kuimarisha pembe. Mbele chini hapawekwi bomba lolote, kwa kuwa mtu anayetoka kinyumenyume na uzito mabegani atajikwaa.

Matundu na pau za usalama

Matundu hutobolewa kwa drili, si kwa kuyachoma na kijiti cha kuchomelea kama inavyofanyika kwa haraka katika karakana nyingi. Tundu la kuchoma huwa pana upande mmoja, na likitofautiana na mwenzake kwa sentimita moja mtaimbo hulala upande. Njia nzuri ni kuzilaza nguzo zote nne pamoja, kuzisawazisha mwisho wa chini, kuzibana, na kuzitia alama kwa mstari mmoja. Umbali wa sentimita 5 kati ya tundu na tundu unafaa, isipokuwa katika sehemu ya urefu wa kifua cha mtu aliyelala kwenye benchi, ambako sentimita 2.5 husaidia sana, kama itakavyoonekana chini.

Kwa nguzo ya milimita 50, tundu la milimita 18 na boliti ya 16 ndilo chaguo salama. Tundu la 25 huacha milimita 12 na nusu tu kila upande. Pau za usalama zisiwe nondo. Nondo ya milimita 12 au 16 iliyochomekwa kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma huonekana ngumu mkononi, lakini mtaimbo wenye kilo 150 ukiidondokea katikati huipinda. Badala yake hutumika kipande cha bomba la mraba lenye ukuta mnene, kilichochomelewa mabamba kwenye ncha mbili na kufungwa kwa boliti kwenye nguzo. Kamba ya mkonge, ambayo haikosekani katika eneo hili la mashamba ya mkonge, si mbadala: hupoteza nguvu ikilowana na kuoza taratibu bila kuonyesha dalili kwa nje.

Bomba lililopakwa zinki lisafishwe kwa grainda mahali pa kuchomelea. Moshi wa zinki humletea fundi homa na baridi jioni ya siku ile ile, hali ambayo ni rahisi kuidhania malaria.

Kuunganisha

Fremu iliyochomelewa yote haipiti mlangoni. Kwa hiyo huchomelewa pande mbili tu, kila moja ikiwa na nguzo mbili, mguu na kipande cha juu, kisha vipande vitatu vya mita 1.1 hufungwa kwa boliti mahali fremu itakapokaa. Watu wawili wanahitajika: mmoja kushika upande uliosimama, mwingine kufunga. Boliti zote hukazwa kwa mkono kwanza. Halafu hupimwa mishazari ya nyuma, kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia na kinyume chake. Urefu ukiwa sawa, fremu iko mraba. Baada ya pima maji kuthibitisha kwamba nguzo zimesimama wima ndipo boliti hukazwa kwa spana. Boliti ya milimita 16 hutumia spana namba 24. Hukazwa tena baada ya wiki chache za matumizi, maana rangi iliyo chini ya washa hujibana.

Fremu ifungwe chini. Kwenye sakafu nyembamba ya saruji au udongo, humwagwa vitalu vinne vya zege vyenye boliti ndani yake. Milimani Usambara kuna jambo la ziada: viwanja vingi vimechongwa kwenye mteremko, nusu ikiwa ardhi iliyokatwa na nusu kifusi, na upande wa kifusi huendelea kushuka hasa masika. Fremu huwekwa upande uliokatwa. Chini ya miguu ya mnyanyuaji mbao za msindano au msonobari, ambazo hupandwa katika shamba la miti la Shume, hutengeneza jukwaa zuri lisiloteleza. Kwa fremu ya nje rangi ya kuzuia kutu hupakwa tabaka mbili, na ncha za juu za nguzo huzibwa ili mvua isiingie ndani ya bomba, ambako kutu haionekani.

Uzito wa zege

Wasio na sahani za chuma humwaga zege katika makopo ya rangi. Zege lina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la lita 4 hutoa kilo 9 na nusu hivi, na ndoo ya lita 10 kama kilo 24. Yapimwe kwenye mizani kabla ya kutumika, kwani tofauti ya kilo 2 kati ya kushoto na kulia husikika mgongoni. Zege la duara lenye tundu katikati ni bora kuliko lililogandishwa moja kwa moja kwenye ncha za mtaimbo. La pili haliwezi kupunguzwa, na anayebanwa nalo hawezi kulitelezesha limwondokee.

Kupanga urefu wa usalama

Kwa kusukuma uzito ukiwa umelala, pau ziwe chini kidogo ya kifua kilichojazwa pumzi na kuinuliwa, lakini juu ya koo mtu anapolegeza mgongo. Nafasi kati ya hali hizo mbili ni ya sentimita chache tu, ndiyo sababu ya matundu ya kila sentimita 2.5. Kwa kuchuchumaa, pau hukaa sentimita 3 hadi 5 chini ya mahali mtaimbo unapofika mtu akiwa chini kabisa. Yote mawili hujaribiwa kwa mtaimbo mtupu: mnyanyuaji hushuka, huuachia juu ya pau, kisha hutoka chini yake bila kusaidiwa. Jaribio hurudiwa benchi likibadilishwa au mtu mwingine akitumia fremu hiyo hiyo, kwa sababu urefu unaomfaa kaka huenda ukamnyonga mdogo wake.

Asiye na fremu bado, na anayesukuma uzito peke yake kwenye benchi, huacha kufunga vibanio vya sahani. Mtaimbo ukimshinda, huuinamisha upande mmoja sahani zianguke.