Mkutano wa Kairo wa 1994 na Haki za Uzazi

Mkutano wa Kairo ni jina la mkato la Mkutano wa Kimataifa kuhusu Idadi ya Watu na Maendeleo, ulioitishwa na Umoja wa Mataifa nchini Misri kuanzia tarehe 5 hadi 13 Septemba 1994. Serikali 179 zilipitisha Mpango wa Utekelezaji wa miaka 20, wenye sura 16. Uzito wake ni huu: maafikiano ya mataifa kuhusu idadi ya watu yaliacha kuanzia kwenye hesabu ya vichwa, yakaanzia kwenye haki za mtu, na hasa za mwanamke anayebeba mimba na kuzaa.

Kabla ya Kairo

Mwaka 1968 mkutano wa haki za binadamu uliofanyika Tehran ulitamka kwamba wazazi wana haki ya kuamua kwa hiari, na kwa kuwajibika, wazae watoto wangapi na kwa nafasi gani. Sera za nchi nyingi hazikuifuata kauli hiyo. Hofu ya ongezeko la watu iliwafanya wapanga mipango waweke malengo ya takwimu: wanawake wangapi watiwe kitanzi, wanaume wangapi wafungwe uzazi. India, katika kipindi cha hali ya hatari cha 1975 hadi 1977, ilifunga uzazi mamilioni ya watu, wengi wao maskini na wengi kwa kushurutishwa. Uchina ilianza sera ya mtoto mmoja mwishoni mwa muongo huo.

Kwenye mkutano wa Bucharest wa 1974 mataifa maskini yalipinga, yakidai kwamba tatizo si wingi wa watu bali uchumi wa dunia usio wa haki. Hoja yao ilikuwa na nguvu. Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya tumbo la mwanamke bila kumuuliza mwenyewe.

Yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa

Katibu Mkuu wa Mkutano alikuwa Nafis Sadik, daktari kutoka Pakistan, aliyeliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA) tangu 1987. Kamati kuu, ambamo kila mstari ulipiganiwa, iliongozwa na daktari Fred Sai wa Ghana. Nyuma yao walikuwapo wanaharakati wa afya ya wanawake, ambao Januari 1994 walikutana Rio de Janeiro kuweka msimamo wao. Mabadiliko ya Kairo hayakuwa zawadi ya serikali. Yaliletwa na wanawake hawa, wengi wao kutoka nchi zilezile zilizokuwa zikilengwa na takwimu za wapanga mipango.

Upinzani ulikuwa mkali. Vatikani, ikiungwa mkono na baadhi ya serikali za Kikatoliki na za Kiislamu, ilipinga lugha yoyote iliyoonekana kuhalalisha utoaji mimba. Saudi Arabia, Sudan, Lebanon na Iraki hazikuhudhuria. Siku kadhaa zilitumika kwenye aya moja, 8.25. Hatimaye iliamuliwa kwamba utoaji mimba usihimizwe kamwe kama njia ya uzazi wa mpango, na kwamba sheria yake iachiwe kila nchi. Pale usipokatazwa na sheria, uwe salama. Kisha likaongezwa jambo ambalo halitajwi inavyostahili: kwa hali yoyote ile, mwanamke aliyepata madhara ya kutoa mimba lazima atibiwe. Kwa muuguzi wa zamu anayepokea binti anayevuja damu usiku, hicho ndicho kifungu chenye uzito kuliko vyote.

Aya ya 7.2 na 7.3 zilieleza afya ya uzazi na haki za uzazi. Sura ya 4 ilihusu usawa wa kijinsia, na aya yake ya 4.21 ilizitaka serikali zisimamie sheria za umri wa kuoa na kuolewa, na kuupandisha inapobidi. Kilichokataliwa ni haki za kujamiiana, yaani haki ya mtu kukubali au kukataa tendo lenyewe. Maneno hayo yaliondolewa kwenye rasimu ili makubaliano yapatikane.

Mwaka mmoja baadaye, mkutano wa wanawake wa Beijing, uliokuwa na Mtanzania Gertrude Mongella kama Katibu Mkuu, uliirudisha maana yake bila kulirudisha jina. Aya ya 96 inasema haki za binadamu za wanawake zinajumuisha kuamua kwa hiari masuala ya maisha yao ya kujamiiana, bila shuruti, ubaguzi wala ukatili.

Afrika

Bara hili lilikwenda mbali zaidi kwa maandishi. Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake, iliyopitishwa tarehe 11 Julai 2003, iliweka katika ibara ya 14 haki ya afya ya uzazi, na kuruhusu utoaji mimba kwa sababu maalumu, zikiwamo ubakaji na mahusiano ya maharimu. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Kenya na Uganda ziliridhia mwaka 2010, lakini zilikataa kufungwa na kipengele cha utoaji mimba. Rwanda, iliyokuwa na pingamizi kama hilo, ililiondoa mwaka 2012.

Lakini ahadi hupimwa nyumbani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba na kuipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa ikashindwa Oktoba 2019. Mwaka mwingine ukapita bila vifungu kurekebishwa. Anayeguswa na vifungu hivyo ni mtoto anayekabidhiwa mume kabla hajamaliza shule, na hakuna kisingizio cha mila au cha utaratibu wa Bunge kinachotosha kueleza kuchelewa huko. Kuhusu wanafunzi waliopata ujauzito, Kenya iliwaruhusu kurudi shuleni tangu 1994. Tanzania iliwafungulia mlango Novemba 2021.

Novemba 2019 Nairobi iliandaa mkutano wa kuadhimisha miaka 25 ya Kairo. Malengo matatu yalitajwa: kumaliza vifo vya uzazi vinavyozuilika, kumaliza ukosefu wa uzazi wa mpango kwa anayeuhitaji, na kumaliza ukatili wa kijinsia. Marekani na nchi nyingine 10, Uganda ikiwamo, zilitoa tamko la kujitenga.

Fedha

Hapa ndipo Mpango wa Kairo ulipoumia zaidi. Ulikadiria dola bilioni 17 kwa mwaka kufikia 2000, theluthi mbili zikitoka katika nchi zenyewe na theluthi moja kwa wafadhili. Fungu la wafadhili halikutimia. Zaidi ya hapo, tangu 1984 Marekani imekuwa na sera ya kuyanyima fedha mashirika ya nje yanayotoa huduma ya utoaji mimba au hata kushauri juu yake. Rais Clinton aliifuta 1993, Bush akairejesha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairejesha na kuipanua 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairejesha Januari 2025.

Kila inaporejeshwa, kliniki zinazotegemea fedha hizo hupungukiwa na vidonge, sindano na vijiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika The Lancet Global Health, uliohusu nchi 26 za Afrika kusini mwa Sahara, ulionyesha kwamba sera hiyo ilipokuwapo, katika nchi zilizoitegemea zaidi misaada ya Marekani matumizi ya uzazi wa mpango yalishuka na utoaji mimba ukapanda kwa takriban asilimia 40. Sera iliyotungwa kuzuia utoaji mimba iliuongeza.

Kwa upande wa fedha za nchi zenyewe, huko Abuja, Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi chache zimewahi kufika hapo, na chache zaidi zimedumu.