Kutafuta Nafasi ya Sekondari



Katika miaka ya 1950 shule zilitengwa kwa rangi. Allidina Visram, iliyo hapa kisiwani, ilikuwa ya Wahindi. Mtoto wa Kiafrika alichujwa darasa la nne, akachujwa tena la nane. Aliyefaulu sana huenda akapanda gari la moshi mpaka Alliance, Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926. Marehemu Ronald Ngala alipita huko, kisha Makerere, akarudi Pwani kufundisha.

Baada ya uhuru wa 1963 kizuizi cha rangi kiliondolewa. Cha fedha kikabaki. Hata baada ya serikali kuanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa mwaka 2008, sare na nauli ni juu ya mzazi. Aliyepewa nafasi akakosa nauli ni sawa na aliyenyimwa. Basi mchango wetu na ufike kabla shule hazijafunguliwa.