Nyumba za Askari wa Masoko

Mtu ashukaye kutoka Tukuyu kuelekea kusini-mashariki, akipita kati ya migomba na mashamba ya chai, hufika kwenye ziwa dogo la mviringo lililojaa katika shimo la volkeno ya kale. Ziwa hilo huitwa Kisiba, na mahali pale huitwa Masoko. Karibu na maji hayo Wajerumani walijenga kambi, na hapo ndipo Kombania ya Tano ya jeshi lao la Afrika Mashariki ilipokuwa na makao yake hadi vita vilipozuka mwaka 1914. Wageni wanaofika huko huulizia zaidi hazina: husemwa kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa sarafu na mali nyingine ziwani, na rupia za zamani zimepata kuonyeshwa kwa wageni kuwa ushahidi. Hadithi hiyo inapendeza, lakini imewafanya watu wakodolee macho maji na kuisahau nchi kavu, palipokuwa na nyumba za askari, wake zao, watoto wao na watumishi wao. Habari za nyumba hizo zaeleza zaidi namna jeshi lile lilivyoishi kuliko fedha yo yote iliyozama.

Yafaa kwanza kujua askari hao walikuwa watu gani. Hermann von Wissmann alipotumwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa watu wa pwani, aliandikisha Wasudani wapatao 600 mjini Cairo, watu wa kaskazini ya mbali waliokwisha kulitumikia jeshi la Misri, akaongeza na Wazulu kutoka upande wa Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho kilifanywa jeshi rasmi la koloni. Baadaye waliandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, mpaka Wasudani wakawa wachache. Lakini majina yao ya vyeo yakabaki. Ombasha, shaushi, efendi: maneno hayo yalitoka katika majeshi ya Kituruki na Kimisri, yakapanda na askari hadi milima ya Rungwe, nayo yakaendelea kutumika hata chini ya Waingereza. Kwa Mnyakyusa aliyewaona wakipita, Msudani na Mnyamwezi walikuwa mamoja. Wote walikuwa wageni, wote walisema Kiswahili katika nchi isiyokisema, na hakuna aliyejua ukoo wao.

Askari alijifunga kwa miaka mitano. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa rupia 20 kwa mwezi, na ukubwa wake unaonekana ukilinganishwa na kodi, ambayo tangu mwaka 1905 ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mshahara wa mwezi mmoja uliweza kulipia kodi ya watu sita na kubakiza rupia mbili. Kwa hiyo askari alikuwa tajiri mbele ya jirani zake, tena tajiri wa aina ngeni, kwa kuwa utajiri wake haukuwa na malisho wala ndama. Fedha hiyo ilitunza mke, pengine wake wawili, watoto, ndugu waliomfuata, na mtoto wa kiume wa kumbebea bunduki na kumpigia viatu rangi, ambaye mara nyingi alikua naye akawa askari.

Sasa lipo jambo moja ambalo vitabu vya vita hulipita upesi. Jeshi lile halikumpikia askari wake. Lilimpa mshahara na posho. Kusaga, kuchota maji, kutafuta kuni, kupika na kufua yakawa ya nyumbani kwake. Kikosi kilipofunga safari, mke alijitwika sufuria, mkeka na mtoto akafuata nyuma. Serikali ya Wajerumani ililipa mtu mmoja ikapata kazi ya watatu au wanne, na wale waliozidi hawakuandikwa katika daftari lo lote la mishahara. Maofisa walilijua jambo hili vema. Askari asiye na mke alikuwa na njaa na manung'uniko, na mwenye nyumba iliyotulia alirudi kwenye gwaride kwa wakati.

Wake hao walitoka wapi? Wengine waliolewa kwa hiari yao na ya wazazi wao, wakamfuata mume kutoka Tabora au pwani. Wengine walikuwa mateka. Katika vita vya Uhehe, vilivyokwisha kwa kifo cha Mkwawa mwaka 1898, na tena katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, vijiji vilichomwa, vyakula vikatekwa, na wanawake wakachukuliwa. Na wengi wao waliishia katika nyumba za askari. Mwandishi wa habari za kambi akitaja tu kwamba jioni moshi ulipanda kutoka kila jiko na watoto wakacheza uwanjani, atakuwa amesema kweli, lakini kweli nusu. Yawezekana kabisa mwanamke aliyekipuliza kimoja cha vijiko vile alikuwa ameona nyumba ya baba yake ikiwaka mikononi mwa kombania hiyo hiyo iliyomlisha. Baadhi yao walikaa wakazaa, wakaja kuwa wenye amri katika mji wa askari. Hilo halifuti namna walivyoletwa, wala namna walivyoletwa haifuti kwamba walijijengea maisha.

Baina ya safari na safari maisha hayo yalikuwa na taratibu zake. Asubuhi gwaride na mazoezi. Mchana ulinzi, kazi za kambi, na kusindikiza misafara au watoza kodi. Jioni mtu alirudi kwake. Nyumba za askari zilikuwa mji mbali na boma la Wazungu, nao mji huo ulikaguliwa usafi kama bunduki zinavyokaguliwa. Mume na mke wakigombana, shauri lilipelekwa kwa ofisa wa kombania. Huyo alikuwa kijana wa Kijerumani asiyejua mila ya mume wala ya mke, akahukumu talaka na mahari kwa kipimo cha faida ya kikosi. Kikosi kikirudi kutoka vitani, wanawake walitoka kukipokea kwa vigelegele na ngoma ikalia usiku kucha. Na katika vigelegele hivyo daima ilikuwamo nyumba moja au mbili iliyonyamaza, kwa kuwa mtu wake hakurudi. Mjane wa askari alikuwa na njia chache. Kwao kulikuwa mbali, au hakuna tena kwao. Mara nyingi aliolewa na askari mwingine, akahamia mlango wa tatu au wa nne katika safu ile ile.

Hapa Rungwe mji wa namna hiyo ulikuwa na jirani wa ajabu. Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo wataalamu wameiandikia vitabu, na Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake wilayani humo katika miaka ya 1930, ndiye aliyeieleza kwa urefu. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja alitoka katika ua wa baba yake, akaenda na rika lake kujenga vibanda pembeni. Walirudi kula kwa mama zao, lakini walilala kwao. Nao walipokua walioa wakawaleta wake mahali pale pale, na kile kilichokuwa mchezo wa watoto kikawa kijiji cha wanaume wa rika moja. Hata kupokezana utawala kulifuata marika, katika sherehe kubwa ya ubusoka. Mtu wa desturi hiyo alipotazama mji wa askari aliona kitu alichokielewa nusu: wanaume wa makamo mamoja wamejenga pamoja, na wake zao wametoka kwingine. Nusu aliyokosa kuielewa ndiyo iliyotenganisha miji hiyo miwili. Nyuma ya kijiji cha rika walisimama baba na ng'ombe zake, na kwa ng'ombe hao vijana walioa, na ndoa ikawa na mashahidi wa koo mbili. Nyuma ya mji wa askari lilisimama daftari la mishahara. Rika la Kinyakyusa lilipanda migomba likijua litaila, ilhali askari alipanda mahindi kwa kuwa migomba yahitaji miaka, naye hakujua amri ya kesho. (Hata hivyo pana waliopanda migomba. Mwanadamu hujenga hata kwenye njia.)

Agosti 1914 amri ilifika. Kombania ya Tano chini ya Kapteni von Langenn-Steinkeller ilivuka mto Songwe, uliokuwa mpaka wa Wajerumani na Waingereza na uliowagawa Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde, ikaishambulia Karonga. Tarehe 9 Septemba 1914 ilishindwa vibaya, na walionusurika wakarudi nyuma ng'ambo ya mto. Tangu Karonga hadi Masoko si mbali, na habari mbaya hufika kabla ya majeruhi. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa, yakaitwaa Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg, bila vita vikubwa. Wajerumani walirudi nyuma kwa njia ya Njombe.

Ndipo nyumba za askari kote nchini zilipopaswa kuamua. Kubaki kulikuwa kukaa bila mume katika nchi ya watu waliokuwa na deni la miaka mingi na jeshi hilo. Kufuata kulikuwa kutembea. Wengi walitembea. Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji aliacha nyuma wagonjwa na askari wengi ambao hakuweza kuwalisha. Hata hivyo wanawake waliendelea kufuatana na msafara. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920 jenerali huyo anawataja, na mara anawatazama kama kichekesho kwa nguo zao za rangi walizopata katika nyara. Asomaye leo hakosi kujiuliza ni nani aliyewapikia askari wake katika miaka hiyo minne. Watoto walizaliwa njiani, wengine wakazikwa njiani. Msafara ulipoweka silaha chini huko Abercorn, Novemba 25, 1918, ulikuwa na askari zaidi ya 1,100 na mamia ya wanawake. Askari na wafuasi wao walipelekwa Tabora kizuizini, na huko homa kubwa ya mwaka huo ikaua wengi waliokuwa wameokoka risasi.

Waingereza walirithi majengo ya Masoko, na kwa miaka kadhaa baada ya vita askari wa KAR walikaa humo. Safu za nyumba zikapata wake wapya na kanuni mpya, lakini mkazi wa zamani asingepotea njia. Badiliko kubwa lilikuja na vita vya mwaka 1939. Watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia utumishi wa kijeshi, na vijana wa Rungwe walikuwamo. Safari hii jeshi lilikuwa na malori, mapishi ya kambi na sare kamili. Halikumhitaji mke njiani, wala halikumruhusu. Kijana aliyezaliwa mahali panaponyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka alijikuta katika mpaka wa kaskazini wa Kenya, penye mchanga na miiba, ambako maji yalipimwa kwa kikombe. Kutoka hapo wengi waliingia Uhabeshi mwaka 1941. Wengine walipelekwa Madagaska mwaka 1942, na wengine Burma mwaka 1944.

Nyumbani kulibaki karatasi. Askari aliandikisha sehemu ya mshahara wake ilipwe bomani kwa jamaa yake, na hapo likazuka swali ambalo askari wa Kijerumani hakupata kuulizwa: jamaa ni nani? Serikali ilipendelea jina moja, ikadhani ni mke. Baba alidhani ni yeye, kwa kuwa ng'ombe waliooa mke huyo walitoka zizini kwake. Ndugu wa tumbo moja naye alikuwa na hoja, kwa kuwa katika mila ya Kinyakyusa ndiye mrithi. Mwanamke aliyeshuka Tukuyu kuchukua shilingi zake alirudi kwenye ua ambamo kila mkono ulikuwa umekwisha kuzihesabu. Likizo ilikuwa adimu, na safari ya kurudi, kwa meli, gari moshi na lori, iliila sehemu yake. Watoto walimwita baba mtu waliyemjua kwa picha, na mke alipaswa kumpisha katika mambo aliyoyaamua peke yake kwa miaka minne.

Husimuliwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wazee waliokuwa askari wake, na kwamba huko Mwanza wale wasio na hati walipewa fimbo ya ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani. Wote, yasemwa, wakaikumbuka kila amri. Katika masimulizi hayo hakuna mwanamke hata mmoja. Hakupata kufundishwa gwaride, na hakuna amri ambayo ingemtambulisha kuwa ndiye aliyetembea kutoka Ruvuma hadi Abercorn na mtoto mgongoni.

Majengo ya Masoko yalipokwisha kazi ya kijeshi yaligeuzwa kuwa mahakama ya mwanzo. Chini ya mapaa ya kambi ile hakimu alikaa kusikiliza mashauri ya ng'ombe wa mahari, ya talaka, na ya watoto ambao baba yao alikwenda mbali.