Bomba la Breki, Mpira wa Breki

Gari likipandishwa jeki Njombe mjini au Makambako, fundi akachungulia chini na kutoa hukumu kwamba "paipu imeisha", mwenye gari aulize kwanza: paipu ipi? Gerejini neno hilo limebeba vitu viwili. Kimoja ni kimrija cha chuma kinachotoka kwenye masta silinda na kutambaa kando ya chesisi. Kingine ni kipande kifupi cha mpira kinachomalizia safari hadi kwenye gurudumu, kwa kuwa gurudumu hupanda, hushuka na kukata kona, na chuma hakiwezi kuyumba nalo. Hapa cha kwanza kitaitwa bomba la breki, cha pili mpira wa breki. Si ubishi wa wanakamusi: swali la kurudishia cha zamani au kununua kipya lina jibu lake kwa kila kimoja.

Mpira hauna mjadala mrefu. Huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na ukiukunja ukaona nyufa, umekwisha. Kasoro mbaya zaidi ni ile isiyoonekana kwa nje. Tabaka la ndani huvimba, tundu likawa jembamba. Dereva akikanyaga pedali, mafuta hupenya kwa nguvu ya mguu, lakini akiachia hayarudi upesi. Gurudumu moja linabaki limeshikwa, linachemka, gari linavuta upande. Kalipa ngapi zimetupwa bure kwa kosa la mpira!

Bomba ndilo lenye maneno. Katika magari mengi madogo unene wake ni milimita 4.75 kwa nje, na ukuta wa chuma wenyewe ni kama milimita 0.7 tu. Kwa ukuta mwembamba hivyo, kutu haihitaji kula sana. Uwemba, kwenye mashamba ya viazi mviringo, tope la masika hujibana nyuma ya vibanio vinavyolishika bomba kwenye chesisi, likakaa na unyevu wake siku nyingi. Bomba linaweza kung'aa mita nzima, kumbe limeoza kwenye sentimita mbili zilizofichwa na kibanio. Tena gari la mtumba kutoka Japani huenda lilishaonja chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji kule kaskazini, kabla halijaliona tope la Njombe.

Kwa ndani adui ni maji. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Canter iliyobeba viazi kwenda Dar es Salaam ikiteremka Kitonga kwa breki tupu bila gia nzito, mafuta hayo yanaweza kuchemka, pedali ikazama kwa mvuke. Hapo hata bomba jipya halisaidii kitu.



Basi bomba la zamani lirudishiwe? Likwanguliwe taratibu kwa msasa laini. Kutu ikitoka na uso ukabaki laini, linaweza kuendelea na kazi. Vikionekana vishimo, litolewe. Ila mara nyingi nati ndiyo huamua. Ikiwa imeshikana na bomba kwa kutu, spana ikizunguka bomba nalo linajisokota kama kamba, na ubishi unaishia hapo.

Kinachofuata ndicho kinachotisha: kipande kibovu kukatwa na kuungwa kwa bomba la shaba la friji. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko na kupasuka. Aloi ya shaba na nikeli ni jambo lingine kabisa. Haili kutu kirahisi, hukunjika kwa mkono, na Volvo imeitumia tangu miaka ya 1970. Midomo ya bomba nayo ichanuliwe na kukunjwa mara mbili pale gari linapotaka hivyo, kama yalivyo mengi ya Japani, na nati zilingane: Land Rover za zamani zina thredi za inchi, Toyota za milimita. Nati isiyo yake huingia mizunguko miwili ikagoma, na fundi mwenye haraka huikaza kwa nguvu.

Kazi ikiisha na upepo ulioingia mabombani ukishatolewa kwa kupampu pedali na kulegeza nipeli, injini iwashwe, pedali ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa dakika nzima huku mtu mwingine akipitisha kitambaa kikavu kwenye kila nati. Pedali ikizama polepole, au kitambaa kikitoka na unyevu, gari halitoki gerejini.