Supachaja na Tabo Kwenye Injini Iliyotembea Sana: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

MSAFIRISHAJI anayepakia mtaa wa Oli mjini Arua kwenda Koboko na mpaka wa Oraba anajua gari lililochoka linavyosumbua mlimani. Injini iliyokwisha kutembea kilomita 300,000 hulegea, na fundi huenda akashauri ifungwe supachaja au tabo ili nguvu irudi. Kabla ya kulipa, mwenye gari anapaswa kujua kuwa vifaa hivi huongeza nguvu ya injini nzima, lakini haviponyi injini mbovu.

Vinavyofanya kazi

Vyote viwili ni pampu za hewa. Hewa ikiingia kwa wingi kwenye silinda, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krankshafti, kwa hiyo huitikia mara dereva anapokanyaga mafuta, ila hula sehemu ya nguvu ya injini yenyewe. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye egzosi. Kwa magari ya dizeli ya biashara, tabo ndiyo inayotumika zaidi.

Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 10. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hata ikiwa mpya.

Kiwanda hufanya nini

Kiwanda hakiongezi pampu ya hewa peke yake. Toyota ilipotoa injini ya petroli ya 4A-GZE yenye supachaja mwaka 1986, ilishusha kompresheni kutoka 9.4 ya 4A-GE hadi 8.0 ili silinda zistahimili hewa ya ziada.

Kwa upande wa dizeli, injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye lita 4.2, ilitengenezwa bila tabo na kompresheni yake ni 22.4. Ndugu yake 1HD-T, iliyokuja na tabo, ina 18.6 na huchoma mafuta kwa mfumo tofauti. Hivyo anayefunga tabo kwenye 1HZ anapaswa kutumia shinikizo dogo. Hata tabo ya kiwandani ina gharama yake: injini ya 2L-T inajulikana kwa kupasuka hedi inapopata joto kali.

Vipimo vya lazima

1. Kompresheni ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, kazi isimame hapo.

2. Pumzi ya injini. Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimekwisha. Hewa ya ziada itasukuma oili nje kupitia sili.

3. Rangi ya moshi. Bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Angalia chujio la hewa na nozeli. Mweupe usioisha injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayopita kwenye gasketi.

4. Rejeta, pampu ya maji na klachi. Nguvu mpya huleta joto jipya na hukaza klachi ya zamani.

Mara nyingi chujio jipya, nozeli zilizosafishwa na vali zilizorekebishwa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyopotea, kwa gharama ndogo kuliko tabo.

Gari likifaulu, pampu ya dizeli irekebishwe pamoja na tabo, kwani dizeli ikizidi joto hupanda haraka. Geji ya joto la moshi ni muhimu. Mafundi wengi huweka mpaka wa nyuzi 700 za Selsiasi hivi kabla ya tabo. Dereva aiache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima baada ya safari nzito.

Hesabu ya biashara

Nguvu zaidi haimaanishi mzigo zaidi. Sheria ya mwaka 2016 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaangalia ekseli, haiangalii injini. Faida ya tabo iko kwenye muda na vilima. Mwenye gari ahesabu safari ngapi za ziada kwa mwezi zitalipa kifaa, kazi na dizeli, kisha aweke upande wa pili hasara ya injini kufa njiani ikiwa na nyanya au samaki wa mteja.

Aidha, tangu marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, Uganda kwa ujumla hairuhusu kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, hivyo si rahisi kubadilisha gari kuukuu kwa jingine la umri huo kutoka nje. Kwa injini iliyoshindwa vipimo, fedha za tabo zitumike kwanza kununua ringi, gasketi na beringi. Tabo itasubiri.