Pambano Ambalo Halikupigwa

Baba na baba mdogo walibishana kwa zaidi ya miaka thelathini kuhusu pambano ambalo halikuwahi kupigwa: Bruce Lee na Muhammad Ali. Walianza wakiwa vijana, kwenye mabenchi ya banda la video, wakaendelea kwenye harusi na misiba ya ukoo. Baba alikuwa upande wa Ali, na hoja yake ilikuwa mizani. Mtu wa kilo 64 hivi, alisema, atamfanya nini mtu aliyepanda ulingoni Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, akiwa na kilo 98? Baba mdogo hakuhangaika na kilo. Alikuwa na sheria moja tu: stelingi hafi.

Baba alifariki mwezi wa tatu. Siku ya arobaini yake, wageni walipotawanyika, nilifungua kompyuta na mimi na baba mdogo tukatazama Way of the Dragon. Alitazama kimya. Hakukuwa na mtu wa kubishana naye.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Msimamizi wangu hupenda kutukumbusha kwamba historia haina "ingekuwa". Tuandike yaliyotokea, yasiyotokea tuwaachie watunzi wa riwaya. Nimeliamini neno hilo kwa miaka miwili. Usiku ule sinema ilinitia shaka.

Bruce Lee aliiandika na kuiongoza mwenyewe, ikatoka mwaka 1972. Mwishoni anapambana na Chuck Norris, bingwa halisi wa karate, ndani ya Colosseum ya Roma, ingawa sehemu kubwa ya pambano hilo ilipigwa picha studio, Hong Kong. Watu wengi hukumbuka ushindi. Mimi safari hii niliona mwanzo wake: Bruce anapigwa. Anasimama kwa ugumu, anapiga kwa utaratibu aliofundishwa, na anaanguka. Kisha anabadilika. Anaanza kurukaruka kwa vidole vya miguu, anazunguka, anaingia na kutoka. Norris anajaribu kumwiga, anashindwa. Anapomaliza kazi, Bruce anamfunika maiti kwa vazi lake la karate na mkanda wake, kwa heshima.

Mbona mtu anayejiandikia sinema ajiandikie kipigo kwanza?

Nadhani jibu liko Oakland, California. Mwishoni mwa mwaka 1964, ndani ya ukumbi wake wa mazoezi na milango ikiwa imefungwa, Bruce alipigana na mwalimu mwingine wa kung fu aliyeitwa Wong Jack Man. Hakukuwa na kamera, na mashahidi walikuwa wachache. Linda, mke wa Bruce, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, alisimulia kwamba lilichukua kama dakika tatu na mumewe akashinda. Upande wa Wong ulisimulia pambano refu zaidi, kama dakika ishirini, lisilo na ushindi wa wazi. Mwanafunzi wa historia akikutana na ushahidi wa namna hii hushika kichwa.

Lakini kwa simulizi ya Linda mwenyewe, Bruce hakufurahi. Alikuwa amehema kupita kiasi, na pambano lilichukua muda mrefu kuliko alivyotaka. Kwa maneno mengine, alijiuliza lile swali tunalokatazwa darasani: ingekuwaje kama mpinzani angekuwa na nguvu zaidi? Alianza kuutilia shaka mtindo wa wing chun aliojifunza ujanani, akaongeza mazoezi ya pumzi, akachota mbinu kwenye ndondi na hata kwenye vitara. Kufikia mwaka 1967 njia yake mpya ilikuwa na jina, jeet kune do. Na miongoni mwa walimu wake alikuwemo mtu asiyejua kama anafundisha: Bruce alitazama filamu za mapambano ya Ali tena na tena, akichunguza ile miguu.

Hapo ndipo nilipoielewa ile miguu inayorukaruka ndani ya Colosseum. Hilo ni pambano la Oakland linalorudiwa na mtu aliyekwisha kujirekebisha, kwa hatua alizoazima kwa Ali. Basi "ingekuwa" si porojo ya mabenchini tu. Wakati mwingine ni jambo lililomsukuma mtu kufanya yale ambayo sisi baadaye tunayaandika kama yaliyotokea. Tukiliondoa swali lake, matendo yake yanabaki bila sababu.

Bruce alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, mwaka mmoja na ushee kabla ya Kinshasa. Pambano la baba na baba mdogo lilibaki bila mwamuzi.

Nilimweleza baba mdogo habari za filamu za Ali. Nilitaka kumpa baba ushindi, japo amechelewa.

"Ba'mdogo, unaona? Bruce mwenyewe alikuwa anasoma kwa Ali. Alijua."

Alinyamaza kidogo, akaurudisha mkanda pale pambano linapoanza.

"Mwanangu," akasema, "sasa unadhani alikuwa anajiandaa kwa ajili ya nani?"

Kisha akageuka kuangalia kiti cha baba, kama anayesubiri jibu.